Sauti Zilizopita Mikono Mingi: Utumwa na Haki za Wanawake katika Riwaya za Kishairi za Margarita Engle

Riwaya ya kishairi ni masimulizi marefu ambayo, badala ya kuandikwa kwa nathari, hujengwa kwa mfululizo wa mashairi mafupi, kila shairi likiwa na uzito wake lenyewe na wakati huohuo likisukuma mbele kisa kimoja chenye wahusika, mgogoro na hatima. Nchini Marekani utanzu huu ulijipatia heshima katika fasihi ya vijana mwaka 1998, Karen Hesse alipotunukiwa Nishani ya Newbery kwa kitabu chake Out of the Dust, kinachosimulia maisha ya msichana wa Oklahoma katika ukame na vumbi la miaka ya 1930, na tangu hapo waandishi wanaotaka kuwaeleza vijana habari za utumwa wamekuwa wakiukimbilia. Marilyn Nelson aliutumia mwaka 2004 katika Fortune's Bones, mashairi ya kumwombolezea mtumwa wa Connecticut aliyefariki mwaka 1798 na ambaye bwana wake, tabibu wa mifupa, aliichambua maiti yake na kuihifadhi mifupa kwa ajili ya kujifunzia. Na mwaka 2022 Kwame Alexander alitoa The Door of No Return, kisa cha kijana wa dola ya Asante mwaka 1860. Hata hivyo, hakuna aliyeng'ang'ania nchi moja na karne moja kwa muda mrefu kama Margarita Engle, mwandishi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka 1951, kwa mama kutoka mji wa Trinidad nchini Kuba, na ambaye kabla ya kujulikana kwa vitabu vyake alisomea kilimo na elimu ya mimea.

Vitabu vyake vinne vinahusika hasa na mjadala huu. The Poet Slave of Cuba cha 2006 kinahusu maisha ya Juan Francisco Manzano, mshairi aliyezaliwa mtumwa. The Surrender Tree cha 2008, kilichopata heshima ya Newbery mwaka uliofuata, kinamfuata muuguzi Rosa katika vita vya ukombozi wa Kuba. The Firefly Letters cha 2010 kinahusu ziara ya mwandishi wa Uswidi, Fredrika Bremer, aliyekuwa mtetezi wa haki za wanawake. Na The Lightning Dreamer cha 2013 kinasimulia ujana wa Gertrudis Gómez de Avellaneda, aliyekuja kuandika riwaya ya kupinga utumwa. Vikisomwa pamoja vinaibua swali ambalo kila kimoja peke yake hulificha: je, mtu huru, aliyezaliwa zaidi ya miaka sitini baada ya utumwa kukoma katika kisiwa hicho, anawezaje kuandika "mimi" kwa niaba ya mtumwa, na hasa mtumwa mwanamke, ambaye maneno yake hayakuhifadhiwa na yeyote?

Ili swali hilo lieleweke ni lazima kwanza ieleweke Kuba yenyewe ya karne ya 19. Mapinduzi ya watumwa yaliyoanza mwaka 1791 katika koloni la Kifaransa lililokuja kuwa Haiti yaliangusha uzalishaji mkubwa kuliko wote wa sukari duniani, na wenye mashamba wa Kuba wakaharakisha kulijaza pengo hilo kwa kufyeka misitu, kujenga vinu na kununua watu. Katika historia nzima ya biashara hiyo zaidi ya Waafrika 700,000 waliteremshwa katika bandari na fukwe za Kuba, wengi wao baada ya mwaka 1800, na wengi pia baada ya Uhispania kutia saini mikataba na Uingereza mwaka 1817 na 1835 ya kuipiga marufuku biashara hiyo, mikataba ambayo magavana waliivunja mchana kweupe kwa kupokea fungu lao kwa kila kichwa kilichoteremshwa. Wengi walitoka Afrika Magharibi na Kongo, lakini walikuwamo pia waliosafirishwa kutoka pwani ya Msumbiji, ambao nyaraka za Kuba zinawataja kwa jina la Macuá, yaani Wamakua, watu ambao wenzao wanaishi hadi leo pande zote mbili za mto Ruvuma. Utumwa wenyewe haukufutwa hadi mwaka 1886.

Manzano alizaliwa karibu na mwaka 1797 katika kaya ya Bibi Beatriz, Markiza wa Jústiz de Santa Ana, cheo cha markiza kikiwa ni cha wanawake wa tabaka la makabaila, na jina la ukoo analojulikana nalo ni la mabwana zake. Utotoni alikuwa na kipaji cha kukariri hotuba ndefu za kanisani baada ya kuzisikia tu, hata akaitwa Mdomo wa Dhahabu na kuitwa sebuleni kuwatumbuiza wageni. Bibi huyo alipofariki, mtoto aliangukia mikononi mwa Markiza wa Prado Ameno, na hapo maisha yakageuka: kwa kosa dogo, na mara nyingi bila kosa lolote, alifungiwa katika ghala la makaa gizani bila chakula, na safari moja aliadhibiwa vikali kwa sababu ya jani la jereni alilolichuma bustanini na kulifikicha vidoleni huku akitunga mashairi kichwani. Kuandika alijifunza mwenyewe, kwa kuokota vikaratasi vilivyotupwa na kijana wa bibi yake na kufuatisha herufi zake usiku.

Wasifu alioandika mwaka 1835 ndio wasifu pekee unaojulikana ulioandikwa na mtumwa katika Amerika ya Kihispania akiwa bado mtumwa, na safari ya maandishi hayo inastahili kuelezwa kwa urefu kwa kuwa inagusa moja kwa moja uhalali wa riwaya ya Engle. Manzano hakuyaanza kwa hiari yake tu. Aliombwa na Domingo del Monte, tajiri msomi wa Havana aliyekuwa na baraza la waandishi nyumbani kwake, na ambaye yeye na wenzake walichanga fedha mwaka 1836 wakamnunulia uhuru. Mwandishi mmoja wa baraza hilo, Anselmo Suárez y Romero, aliyasahihisha tahajia na kuipanga upya lugha yake. Richard Robert Madden, daktari wa Kiayalandi aliyetumwa Havana na serikali ya Uingereza kusimamia hali ya Waafrika waliookolewa merikebuni, alichukua nakala, akaifasiri kwa Kiingereza, akaondoa jina la mwandishi, akapunguza na kuhamisha baadhi ya matukio, kisha akaichapisha London mwaka 1840 kama silaha ya kampeni ya kupinga utumwa. Sehemu ya pili ya wasifu ilipotea. Kihispania chenyewe, kwa tahajia ya Manzano, hakikuchapishwa hadi mwaka 1937. Na juu ya yote hayo Manzano mwenyewe alichuja: katika barua yake kwa del Monte alieleza kwamba mambo yenye mvuto zaidi ya maisha yake anayaweka akiba, ili siku atakapokuwa ametulia katika pembe moja ya nchi yake, na riziki yake ikiwa ya uhakika, ayatumie kuandika riwaya iliyo ya Kikuba kwelikweli.

Riwaya hiyo haikuandikwa. Mwaka 1844 serikali ya kikoloni ilidai kugundua njama kubwa ya watumwa na watu weusi huru, na msako uliofuata ulijulikana kama La Escalera, yaani ngazi, kwa sababu washukiwa walifungwa kwenye ngazi na kuchapwa mijeledi hadi wakiri, na wengi walikufa hapohapo. Mshairi Plácido, mtu huru mwenye asili ya Kiafrika, alipigwa risasi mwezi Juni mwaka huo. Manzano alitiwa gerezani, na baada ya kuachiliwa hakuna kazi yake mpya inayojulikana. Alifariki karibu muongo mmoja baadaye.

Engle basi anaingia mahali ambapo wengine wengi walikwisha kuingia kabla yake, na anachokifanya kina tofauti moja kubwa na waliomtangulia: hamwachi Manzano azungumze peke yake. Kila shairi la The Poet Slave of Cuba lina jina la msemaji juu yake, na wasemaji ni mtoto Juan, wazazi wake Toribio na María del Pilar, Bibi Beatriz, Markiza wa Prado Ameno, kijana wake Don Nicolás, na nyapara wa shambani. Nafsi hizi zinazosema ndani ya shairi, ambazo wahakiki wa Kiswahili huziita nafsineni, hazisikilizani. Markiza analalamika jinsi mtoto anavyomtesa, nyapara anatekeleza alichoamriwa, mama anahesabu fedha za kumkomboa mwanawe, na kila mmoja anazungumza kama aliye chumbani peke yake. Hapa ndipo uzuri wa kitabu ulipo. Mateso yakisimuliwa na aliyeteswa tu, msomaji kijana humhurumia na kupita. Mateso yanaposimuliwa na mtesaji anayejiona kuwa ndiye aliyeonewa, msomaji hulazimika kutambua kwamba utumwa ulitegemea nyumba za watu waliojihesabu kuwa waungwana na wacha Mungu.

Msomaji wa Kiswahili anayo mizani ya kuupimia ufundi huu, kwa kuwa katika lugha yake masimulizi marefu ya kishairi ni kongwe kuliko riwaya ya nathari. Utendi wa Tambuka una tarehe ya mwaka 1728, na umbo la utenzi, lenye beti za mishororo minne mifupi ya mizani minane, mitatu ya kwanza ikishirikiana kina na wa nne ukibeba kina cha bahari kinachopita utenzi mzima, limebeba habari za vita, za mitume na za mawaidha. Lakini utenzi una msimulizi mmoja anayemiliki kisa chote, na hata wahusika wanapojibizana ni yeye anayewapa zamu, chini ya kina kimoja kisichobadilika. Mashairi ya Engle hayana vina wala mizani. Ni masivina, aina ya ushairi ambayo Euphrase Kezilahabi aliitetea kwa diwani yake Kichomi mwaka 1974 na kuzusha ubishi mkali na washairi wa mapokeo. Yanakaribiana zaidi na ngonjera, mashairi ya majibizano aliyoyaeneza Mathias Mnyampala, isipokuwa kwa jambo moja la msingi, kwamba katika ngonjera wabishani hukutana, husikilizana, na mwishowe upande mmoja hukubali hoja ya mwenzake, ilhali hapa hapana suluhu kwa sababu hapana mazungumzo. Jamii ya watumwa na mabwana haiwezi kuandikiwa ngonjera bila kudanganya, na kina kimoja cha bahari kingeunganisha watu ambao sheria ilikwisha kuwatenganisha. Kwa hiyo uhuru wa umbo, ambao katika vitabu vingi vya aina hii ni njia tu ya kupunguza maneno ukurasani ili kijana mvivu wa kusoma asichoke, una sababu ya kweli katika kitabu hiki.

Kasoro iko kwingine. Kitabu kiliuzwa kwa jina la wasifu, si riwaya, ingawa maneno ya wahusika ni ya Engle, na kijana asiyefika kwenye maelezo ya mwisho anaweza kuamini kwamba amemsikia Manzano. Manzano halisi, katika Kihispania chake chenye tahajia ya mtu aliyejifundisha, sentensi zikikimbizana bila nukta, ni mwandishi anayesitasita, anayeogopa kumuudhi mfadhili wake na anayekiri mara kwa mara kwamba anaruka mambo. Manzano wa Engle ni mwororo na mwenye taswira zilizokamilika. Hofu ndiyo iliyopotea njiani, na hofu ilikuwa sehemu ya ushahidi.

Gertrudis Gómez de Avellaneda, aliyeitwa Tula na jamaa zake, ni kinyume cha Manzano kwa karibu kila jambo. Alizaliwa mwaka 1814 katika mji wa Puerto Príncipe, ambao leo ni Camagüey, katika familia yenye mali na watumwa. Aliandika mengi, akachapisha mengi, na barua zake nyingi zimehifadhiwa. Alipokuwa bado msichana alikataa ndoa aliyopangiwa, jambo lililoighadhibisha familia na kumkosesha urithi wa babu yake. Mwaka 1836 alihamia Uhispania, na mwaka 1841 akachapisha Madrid riwaya yake Sab. Mhusika mkuu, Sab, ni mtumwa chotara anayempenda kwa siri Carlota, binti wa bwana wake, naye Carlota anampenda Enrique Otway, mtoto wa mfanyabiashara Mwingereza anayetafuta mahari nono. Sab anashinda bahati nasibu na kumpa Carlota ushindi huo kwa siri ili aolewe, kisha anakufa. Katika barua ya mwisho anayoiacha, hoja inajengwa kwamba mwanamke aliyeolewa yu mtumwa kuliko mtumwa, kwa kuwa mtumwa anaweza kubadili bwana au kukusanya fedha akajikomboa, lakini mke hana njia ya kutoka ila kaburi. Mwaka 1844, mwaka uleule wa mijeledi, wadhibiti wa serikali walikizuia kitabu hicho kuingia Kuba.

The Lightning Dreamer kinaishia pale Tula anapoanza kuwa mwandishi, na nguvu yake iko katika kuonyesha jinsi soko la ndoa na soko la watumwa yalivyokuwa chini ya paa moja, kiasi kwamba fedha ambazo mama anatazamia kupata kutokana na ndoa ya binti yake ni fedha za kununulia watumwa zaidi. Huo ni uchambuzi wa uchumi uliovalishwa kisa cha msichana, na vijana huuelewa upesi. Caridad, mpishi wa nyumba hiyo, mwanamke aliyetoka utumwani lakini bado yuko jikoni kwa mabwana walewale, anazungumza mara chache, na maneno yake machache yana uzito kuliko hotuba za Tula. Lakini jina dogo la kitabu linamtangaza Tula kuwa mpinga utumwa mkuu kuliko wote wa Kuba, na hapo chumvi imezidi. Avellaneda mwenyewe hakuijumuisha Sab katika mkusanyo wa kazi zake uliotoka Madrid kuanzia mwaka 1869, na miezi michache tu kabla ya riwaya yake kupigwa marufuku, mnamo Novemba 1843, mwanamke mtumwa aliyeitwa Carlota alikuwa miongoni mwa walioongoza uasi katika kiwanda cha sukari cha Triunvirato, mkoani Matanzas, akauawa; mwenzake Fermina alipigwa risasi mwaka 1844. Carlota huyo hakuandika chochote, naye ndiye ambaye serikali ya Kuba ililitumia jina lake mwaka 1975 ilipoiita Carlota operesheni ya kupeleka majeshi yake Angola. Kumweka Tula juu yake ni kuhukumu kwa kipimo cha wino.

Tatizo la mlinganisho wa mke na mtumwa ni hilohilo. Katika Ulaya na Amerika ya karne ya 19 watetezi wengi wa haki za wanawake waliutumia, na haukuwa wa bure, kwani sheria nyingi zilimweka mke chini ya mamlaka ya mumewe katika mali, makazi na watoto. Ila mlinganisho huo una watu wawili tu ndani yake: mwanamke, anayefikiriwa kuwa huru wa kuzaliwa, na mtumwa, anayefikiriwa kuwa mwanamume. Mtumwa mwanamke hana mahali pa kusimama. Sab anazungumza juu ya Carlota wa sebuleni. Katika mlinganisho huo hakuna nafasi ya mama yake Sab, aliyeletwa kutoka Afrika na kumzaa kwa ndugu wa bwana.

Ndiyo maana The Firefly Letters, ingawa ni chepesi kuliko vingine, ndicho kinachojibu. Fredrika Bremer, aliyezaliwa mwaka 1801 nchini Ufini na kukulia Uswidi, alisafiri Marekani kati ya 1849 na 1851 na kukaa Kuba kwa miezi kadhaa mwanzoni mwa mwaka 1851, miaka saba tu baada ya msako wa ngazi, akiwa mgeni wa matajiri wa Matanzas. Barua zake, zilizochapishwa baada ya safari hiyo, zinataja vibanda vya watumwa alivyovizuru, ngoma alizozitazama, vimulimuli wakubwa wa Kuba waliotoa mwanga wa kutosha kusomea, na msichana mmoja aliyeletwa kutoka Afrika akiwa mtoto, anayeitwa Cecilia. Engle anamfanya Cecilia kuwa mkalimani wa Bremer na anampa shairi baada ya shairi. Kisha anambuni mhusika wa tatu, Elena, binti wa wenyeji wake Bremer, ambaye hatembei nje bila ruhusa na anatazamia kuolewa na mtu atakayechaguliwa na baba. Wanawake watatu wamewekwa basi katika ngazi tatu za uhuru: Mswidi anayetembea atakako lakini ambaye kwao sheria bado inawahesabu wanawake wasioolewa kuwa watoto, Mkuba tajiri aliyefungiwa ndani ya mapambo, na Mwafrika aliye mali ya watu na mwenye mimba.

Mimba hiyo ndiyo kiini. Desturi ya Kuba iliruhusu uhuru wa mtoto mchanga ununuliwe kwa fedha kidogo, na kisa kinazunguka juu ya nani atazipata, ila ununuzi huo ulimwacha mama mlemle. Miongo miwili baadaye hali hiyohiyo iliandikwa katika sheria, pale Sheria ya Moret ya mwaka 1870 ilipowatangaza huru watoto wote waliozaliwa na watumwa tangu Septemba 1868 huku mama zao wakibaki watumwa. Katika Zanzibar, amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa iliwaacha kando masuria, yaani watumwa wanawake waliowekwa nyumbani na mabwana zao, kwa hoja kwamba hao ni kama wake, na haki ya kudai uhuru kama wengine hawakuipata hadi mwaka 1909. Katika bahari mbili tofauti, watunga sheria waliona ni rahisi kuliachia tumbo la uzazi kabla ya kumwachia mwenye tumbo, au kumwita mke mtu waliyekuwa hawajamwita huru. Cecilia wa Engle anaijua hesabu hii bila kuitaja, na mlinganisho wa Avellaneda ukisomwa mbele yake huonekana ulivyo: kweli nusu.

Bremer alirudi kwao, na riwaya yake Hertha ya mwaka 1856 ilichochea mjadala uliosaidia kuleta sheria ya 1858, iliyowapa wanawake wa Uswidi wasioolewa haki ya kuomba mahakamani wahesabiwe watu wazima wakiwa na umri wa miaka 25. Kuhusu Elena, kasoro yake ni kwamba ukarimu wake unapewa nafasi kubwa mno katika ukombozi wa mtoto wa mwingine. Vitabu vya vijana hupenda kumpa msomaji wa tabaka la juu mhusika wa kujiona ndani yake, na Elena yupo kwa sababu hiyo.

The Surrender Tree ndicho kitabu kilichokomaa kuliko vyote, na sababu mojawapo ni kwamba mhusika wake mkuu hakuacha maandishi, kwa hiyo mshairi hashindani na maneno ya mtu mwingine. Rosario Castellanos, maarufu kama Rosa la Bayamesa, alizaliwa utumwani Bayamo mwaka 1834. Oktoba 10, 1868, mwenye shamba Carlos Manuel de Céspedes alipowaachia huru watumwa wake na kutangaza vita dhidi ya Uhispania, Rosa aliingia msituni pamoja na waasi, na kwa vita vitatu vilivyokwenda hadi 1898 aliendesha hospitali ndani ya mapango na vibanda vya makuti, akitibu kwa majani, magome na mizizi. Jemadari Máximo Gómez alimpa cheo cha kapteni, naye alifariki mwaka 1907. Engle, ambaye taaluma yake ya kwanza ilikuwa mimea, anaandika dawa hizo kwa mkono wa mtu anayezijua, na safari hii maarifa ya mtumwa yanakuwa ndiyo elimu ya kitabu, si mapambo ya mandhari. Wanaosema humo ni Rosa, mumewe José, mtu aliyekulia katika kazi ya kuwasaka watoro na ambaye kitabu kinamwita Luteni Kifo, msichana wa kubuni aitwaye Silvia, na Jenerali Valeriano Weyler, ambaye amri zake za kuanzia mwaka 1896 ziliwakusanya wakulima katika kambi zilizozungushiwa ulinzi, walikokufa kwa njaa na maradhi zaidi ya watu 100,000. Weyler anazungumza kwa mashairi mafupi makavu, yenye lugha ya ofisi, na ufupi huo unatisha kuliko maelezo yoyote ya maiti.

Mti unaotajwa katika jina la kitabu ni msufi mkubwa uliokuwa nje kidogo ya Santiago, ambapo mwezi Julai 1898 majeshi ya Uhispania yalijisalimisha kwa Wamarekani huku Wakuba waliopigana kwa miaka thelathini wakiwa hawakualikwa. Riwaya haimwondolei msomaji uchungu wa jambo hilo, tofauti na desturi ya vitabu vya watoto inayotaka vita viishe kwa ushindi wa wanaopendwa.

Kuhusu sauti halisi za waliokuwa watumwa wa Kuba, baada ya Manzano kulipita zaidi ya karne moja kabla ya kitabu kingine kikubwa kutokea: mwaka 1963 Miguel Barnet alianza kumhoji Esteban Montejo, mzee aliyepita umri wa miaka mia moja ambaye ujanani alitoroka shambani na kuishi peke yake msituni, na mahojiano hayo yakachapishwa mwaka 1966. Huyo naye alikuwa mwanamume. Kwa upande wa wanawake ilibidi kungoja miaka ya 1990, María de los Reyes Castillo Bueno, aliyeitwa Reyita, aliyezaliwa mwaka 1902, alipomsimulia binti yake mwanahistoria, Daisy Rubiera Castillo, maisha yake yote, akianza na ya bibi yake Antonina, aliyeletwa Kuba kutoka Cabinda na kufanywa mtumwa; na habari za bibi huyo, baada ya kupita vinywa viwili, zinachukua kurasa chache tu.